V-twin ya zamani: kuihudumia na kuitengeneza bila kuizidishia ubovu

Kazi ya kwanza niliyoifanya kwenye Shovelhead yangu ya 1974, pikipiki ya Harley-Davidson yenye injini ya V-twin, yaani silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, ilikuwa kosa. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakuta tangi karibu linakauka, nikalijaza hadi alama ya juu. Nikapiga kiki mara sita, injini ikawaka, nikafurahi. Dakika chache baadaye oili ikaanza kutapikwa kwenye bomba la kupumulia, ikalowesha tairi la nyuma na nusu ya sakafu. Oili ilikuwepo muda wote. Pikipiki ilikuwa imesimama miezi mingi, oili ikashuka yenyewe kutoka kwenye tangi hadi tumboni mwa injini, nami nikaongeza nyingine.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na ndio huu ninaouandika hapa. Mifano mingi ni ya Harley-Davidson za miaka ya 1960 hadi ya mwanzo wa 1980, kwa sababu ndizo ninazozishika: Shovelhead, iliyoanza 1966, na Sportster za hedi (vichwa vya silinda) za chuma, maarufu kama Ironhead, zilizotengenezwa kuanzia 1957 hadi 1985. Mwenye Moto Guzzi au Ducati ya zamani atakuta V yake ina digrii 90 badala ya 45, na vipimo vyake ni vingine. Mpangilio wa kazi, hata hivyo, ni uleule.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: una silinda mbili, na kila moja ni shahidi wa mwenzake. Kila unachokipima kwenye ya mbele, kipime pia kwenye ya nyuma. Tofauti kati yao mara nyingi itakuonyesha ubovu kabla hujafungua chochote kikubwa.

Kabla ya kushika spana

Tafuta kitabu cha huduma cha mwaka wa pikipiki yako. Usikubali cha "miaka inayofanana", maana hizi zilibadilishwa vitu vidogo vidogo kila msimu. Kisha hakikisha una spana za inchi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na inakaa kama vile imetulia. Ukiikaza nguvu, inateleza na kula pembe za nati. Nusu ya bolti zilizoharibika ninazozikuta zimeuawa hivyo.

Nyumba za injini hizi ni za alumini na bolti ni za chuma. Bolti ikigoma, weka oili ya kupenya, iache hadi kesho, pasha joto alumini inayoizunguka, ndipo ujaribu tena. Kitu kikikataa, kwanza kitikise kidogo upande wa kukaza, halafu upande wa kufungua. Uzi ukishakufa ndani ya alumini, utoboe na uweke uzi wa koili ya chuma. Ukifungwa vizuri, unakuwa imara kuliko wa mwanzo.

Kila unachokitoa, kitie kwenye kifuko na ukiandike: cha silinda ipi, cha valvu ipi. Pushirodi nne, vile vijiti virefu vinavyosukuma valvu, zikilala pamoja mezani zinafanana, kumbe hazilingani urefu.

Izungushe kwa mkono

Kama pikipiki imelala muda mrefu, usiguse kiki kwanza. Toa plagi zote mbili. Mimina kijiko kimoja cha oili nyepesi kwenye kila silinda, iache usiku kucha. Kesho yake inua gurudumu la nyuma, weka gia ya juu kabisa, na zungusha gurudumu polepole kwa mkono ukielekea mbele. Sikiliza. Mkwaruzo wa kutu kwenye ukuta wa silinda ni sauti kavu inayojirudia mahali palepale. Ikigonga na kusimama ghafla, acha. Huenda valvu imekwama wazi, na kulazimisha ni kuipinda.

Plagi ulizozitoa ziweke mezani kwa mpangilio, ya mbele kushoto, ya nyuma kulia. Rangi ya hudhurungi hafifu ni njema. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Utelezi mweusi ni oili, ama kupitia ringi ama kupitia gaidi za valvu. Nyeupe kama chokaa ni hewa nyingi mno, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Zikitofautiana, hasa moja ikiwa nyeupe na nyingine kahawia, kabureta haina kosa, kwa kuwa kabureta ni moja na inalisha zote mbili. Tafuta mahali hewa inapoingilia. Tutarudi hapo.

Oili

Injini hizi hazihifadhi oili chini yake kama gari. Oili inakaa kwenye tangi lake, lita 3 hadi 4 kwa nyingi za aina hii. Pampu yenye pande mbili inafanya kazi: upande mmoja unasukuma oili kwenye beringi, upande mwingine unaifyonza kutoka tumboni na kuirudisha tangini. Kati ya tangi na injini kuna gololi ndogo yenye springi inayotakiwa kuziba njia injini ikizimwa. Uchafu kidogo ukikaa chini ya gololi, au kiti chake kikilika, oili inateremka polepole kwa uzito wake. Hapo ndipo niliponaswa.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Fungua plagi ya kumwagia iliyo chini ya injini yenyewe, mbali na ile ya tangi. Pokea oili kwenye chombo safi ili ujue ni kiasi gani. Vijiko vichache ni kawaida. Lita nzima ni gololi inayovuja.
2. Ikague kwenye mwanga. Rangi ya maziwa ni maji. Vumbi laini la kung'aa ni beringi au bushi inayolika. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole vinamaanisha kwamba mwongozo huu haukutoshi, injini inabidi ifunguliwe.
3. Mwaga ya tangi pia, osha tangi, badilisha chujio kama lipo.
4. Jaza mpya. Kwa joto la kawaida ninatumia SAE 50 ya daraja moja. 20W50 pia inakubalika. Petroli ya leo imebadilika sana, lakini beringi za rola za krenki hii hazijabadilika, na zinapenda oili nzito.
5. Injini ikishawaka, fungua kifuniko cha tangi na umulike ndani kwa tochi. Lazima uone oili ikirudi kwa kutema-tema, imechanganyika na hewa. Ikipita dakika moja bila kitu, zima.

Kipimo cha kweli cha oili ni kile unachokichukua mara tu baada ya kuzima injini iliyopata joto. Kipimo cha asubuhi kinakudanganya, kama kilivyonidanganya mimi.

Kompresheni

Plagi zote mbili nje, waya wa koili umeondolewa, mkono wa gesi umefunguliwa hadi mwisho. Skrubu geji ya kupima mbano kwenye silinda ya mbele na upige kiki hadi sindano isipande tena. Andika. Hamia ya nyuma. Zikiwa karibu sawa, endelea na kazi yako kwa amani. Zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye iliyo dhaifu na upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Lakini kabla hujaanza kufungua hedi, kagua marekebisho ya pushirodi. Nimeshaona "valvu iliyoungua" ikipona kwa kulegeza pushirodi iliyokazwa kupita kiasi, na fundi aliyekuwa tayari na gasketi mkononi akabaki ameduwaa. Fundi huyo nilikuwa mimi.

Umeme, na kwa nini kabureta inakohoa

Anza na betri. Ikiwa imejaa na imetulia, ya volti 12 inasoma karibu 12.6. Injini ikikimbia wastani, usomaji upande hadi 14 na ushei. Usipopanda, angalia mfumo wa kuchaji. Shovelhead kuanzia 1970 zina alteneta, Sportster ziliendelea na dainamo hadi katikati ya 1984. Kabla ya kulaumu chochote, safisha viungo vya ethi: betri kwenda fremu, fremu kwenda injini. Rangi nzuri ya fremu iliyopakwa upya ndiyo adui mkubwa wa ethi, kwa hiyo kwangua hadi chuma chenyewe kionekane.

Sasa pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili plagi itoe cheche. Fungua kifuniko cha duara upande wa kulia. Utaona kamu ndogo yenye nundu mbili, moja nyembamba na moja pana. Ile nyembamba ni ya silinda ya mbele. Nyuso za pointi zikiwa na mashimo na vichuguu, badilisha pamoja na kondensa yake, maana kondensa mbovu ndiyo huzichoma. Weka mwanya wa inchi 0.018, karibu milimita 0.46, pointi zikiwa zimefunguka kabisa, kisha zungusha injini upime na kwenye nundu ya pili. Paka kamu grisi kiasi cha punje ya mchele. Ukizidisha, inaruka na kuingia kati ya pointi.

Chini ya bamba la pointi kuna vizito viwili vyenye springi vinavyosogeza taimingi, yaani wakati wa cheche, mbele kadiri mwendo unavyoongezeka. Vizungushe kwa kidole, kisha uachie. Vikirudi kwa uvivu, vifungue na uvisafishe. Hakuna taimingi itakayokaa kama vizito vinakwama.

Kuweka taimingi bila mashine:

1. Toa plagi. Funika tundu la silinda ya mbele kwa kidole gumba, zungusha injini hadi usikie hewa ikikisukuma kidole. Hapo silinda ya mbele inabana.
2. Fungua bolti ya tundu la kuchungulia upande wa kushoto wa injini. Endelea kuzungusha polepole sana hadi alama ya taimingi ya mbele ije katikati ya tundu. Shovelhead ya kawaida inataka digrii 35 kabla ya pistoni kufika kilele, vizito vikiwa vimefunguka kabisa. Sura ya alama ilibadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kitabu kiwe mkononi.
3. Unganisha balbu ndogo ya volti 12 kati ya waya wa pointi na ethi. Washa swichi.
4. Shikilia kamu ikiwa imezungushwa hadi mwisho wa vizito. Legeza bamba la pointi na ulisogeze. Pointi zikigusana balbu inazima, zikiachana inawaka. Unatafuta pale inapowaka tu, kwa unywele.
5. Kaza bamba, rudia kipimo. Karibu kila mara kukaza kunasogeza kidogo.

Injini hizi zina koili moja inayochoma plagi zote mbili kwa pamoja. Cheche moja inafanya kazi, nyingine inapotea. Kwa kuwa silinda zimeachana digrii 45 na zinashiriki pini moja ya krenki, milipuko haigawanyiki sawa: kutoka wa mbele hadi wa nyuma ni digrii 315, kutoka wa nyuma hadi wa mbele 405. Huo ndio mdundo watu wanaoupenda. Lakini angalia matokeo yake. Cheche ya mbele inapochoma, silinda ya nyuma imeshapita kilele chake na valvu yake ya kuingizia iko wazi. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi na unawaka polepole, cheche ile ya kupotea inaweza kuuwasha ukiwa bado mlangoni, na moto unarudi kwenye kabureta: *pafu!* Injini baridi ikikohoa hivyo mara moja mbili, sawa. Ikikohoa na joto, usianze kugeuza skrubu za kabureta. Nenda kwenye manifodi.

Hewa ya wizi kwenye manifodi

Manifodi ya V-twin ni bomba fupi lenye umbo la Y linalopeleka mchanganyiko kutoka kwenye kabureta, nalo linashika hedi mbili zinazotanuka na kutetemeka kila moja kwa namna yake. Mpira unaoziba pale unakauka, unapasuka, na silinda mojawapo inaanza kuvuta hewa isiyopitia kabureta. Dalili ni tatu, na huja pamoja: injini kushindwa kutulia kwenye mwendo wa chini, kukohoa, na plagi moja kuwa nyeupe. Mara nyingi ni ya nyuma, ambayo tayari inapata upepo mdogo wa kuipoza.

Wengine hupuliza petroli au sprei ya kuwaka kwenye viungo wakiwa wamewasha injini. Usifanye hivyo, juu ya ekzosi ya moto ni kutafuta kuungua. Tumia chupa ya kunyunyizia maji. Injini ikiwa inazunguka taratibu, nyunyiza kiungo kimoja, subiri, kisha kingine. Sauti ikibadilika, umepata. Tia mpira mpya, safisha nyuso, na kaza vibano huku manifodi ikiwa imekaa wima kati ya hedi zote mbili. Ikivutwa upande mmoja, itavuja tena ndani ya mwezi.

Baada ya hapo ndipo kabureta inapostahili kuguswa. Ifungue, osha njia zote, angalia kiti cha sindano ya floti, pima usawa wa floti kama kitabu kinavyosema. Tangi la petroli likiwa na kutu, safisha kwanza hilo, la sivyo utaiosha kabureta kila Jumamosi.

Pushirodi

Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, baridi ya kulala usiku.

Ironhead ina tapeti ngumu (tapeti ni kipande kinachokaa kati ya kamu na pushirodi). Peleka silinda unayoishughulikia kwenye kilele cha kubana ili valvu zote mbili ziwe zimefunga. Inua bomba la kufunika pushirodi, legeza nati ya kufungia, na urefushe hadi mchezo wa juu na chini uishe, lakini pushirodi bado izunguke kwa vidole viwili bila kukwaruza. Funga nati, zungusha tena kwa vidole. Ikiwa nzito, fungua upya.

Shovelhead kutoka kiwandani ina tapeti za oili. Hapo unarefusha hadi mchezo uishe, halafu unaongeza mizunguko inayotajwa na kitabu. Kwa pushirodi za asili huwa minne, lakini za kununua baadaye zina uzi tofauti, kwa hiyo soma maelekezo yake. Kisha subiri. Tapeti imejaa oili na umeibana, valvu sasa imesukumwa wazi. Weka mkono kwenye pushirodi kila dakika tano. Itakapoanza kuzunguka kwa vidole, oili imejitoa na valvu imefunga. Ndipo uzungushe injini kwenda silinda ya pili. Anayeharakisha hapa anagongesha valvu na pistoni.

Mengine, kwa haraka

Cheni ya ndani, kati ya injini na klachi, icheze milimita 16 hadi 22 injini ikiwa baridi. Ipime sehemu kadhaa kwa kuzungusha, maana cheni haichakai sawa, na uweke kwa sehemu iliyokaza zaidi. Cheni ya nyuma ipimwe kwa namna hiyohiyo.

Vumbi ndani ya ngoma za breki za zamani linaweza kuwa na asbesto. Usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Kwenye breki za oili, angalia kifuniko kinataka aina gani: DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi kamwe na DOT 3 wala DOT 4.

Tairi zina namba nne za tarehe ubavuni, wiki kisha mwaka. Zikiwa na namba tatu tu, zilitengenezwa kabla ya 2000. Zitoe, hata kama meno yake bado marefu.

Kuiwasha, na siku ya kwanza barabarani

Choki imefungwa, swichi imezimwa, piga kiki mbili za kuvuta petroli. Sogeza kiki hadi usikie inabana, ipitishe kidogo tu, irudishe juu. Washa swichi, kisha shuka na uzito wote wa mwili, goti likiwa limekunjika kidogo. Kiki ya nusu moyo ndiyo inayorudisha teke, na teke la Ironhead yenye taimingi iliyotangulia linaweza kukuvunja kifundo.

Ikiwaka, angalia oili inayorudi. Usiiache ikinguruma pale ilipo kwa muda mrefu. Injini ya kupozwa na upepo inahitaji upepo. Nenda mwendo wa wastani kilomita kumi, rudi, zima, na upime oili papo hapo. Ikishapoa, pitia bolti zote za nje kwa spana, hasa za ekzosi, manifodi na mguu wa injini. Toa plagi zote mbili tena, uzilaze mezani kama mwanzo, ya mbele kushoto, ya nyuma kulia.

Kwenye kijiti cha oili nimechora mstari kwa msumari pale kiwango kilipokuwa baada ya safari. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kuwasha, ninakichomoa na kutazama kimeshuka kiasi gani chini ya mstari. Sasa hivi ni upana wa ukucha kwa wiki. Kikifika upana wa vidole viwili, nitaifungua pampu na kuisafisha ile gololi.